Mabawa Yasiyopita Getini

Jumatatu, 3 Juni
Ndege imekamilika! Miaka minne ya kuungaunga uani, leo kwisha! Tatizo dogo tu: mabawa nimeyagundisha moja kwa moja kwenye mwili wa ndege, na geti ni jembamba. Kubomoa nguzo haiwezekani, aliijenga baba mkwe. Nimekata ncha za mabawa, kila upande. Sasa inapita bila kugusa. Na imekuwa nyepesi! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu katoa sharti. Mkaguzi wa ndege akiikataa Ijumaa, inakuwa banda la kuku. Eti la zamani nililivunja mimi nikitafuta mbao. Kweli, lakini mbao zake ndizo mkia wa ndege! Nimekubali huku nacheka.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kaja na kiherehere chake. Ndege yake inaruka tangu mwaka jana, na hatupumui kwa majigambo yake. Kasema ni kama kuvuka tope: ukikanyaga ubao mpana huzami, ukikanyaga kwa kisigino umekwisha. Mzigo karibu uleule, bawa dogo, basi kila kipande cha bawa kinaelemewa, na itabidi nikimbie mno ndipo ninyanyuke. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeng'oa kiti kwa siri, nitakalia mto. Pia nimefunga kula. Jioni mke kapika. Nimerudisha uzito wote, na cha juu.

Ijumaa, 7 Juni
Lo! Mkaguzi kapima mabawa, kapima ndege nami ndani, kagawanya uzito kwa ukubwa wa mabawa. Kasema kwa mabawa haya uwanja utaisha kabla sijaacha ardhi. Nikamshauri aurefushe uwanja. Akafunga mkoba wake. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Roho imeniuma jamani, nusura nilie mbele za watu.

Jumapili, 9 Juni
Kuku wamehamia. Mmoja anataga pale ambapo ingekaa miguu yangu. Mke anaimba. Mimi nimejiinamia barazani.

Mara jogoo, bonge la jogoo, akapiga mbio kidogo, purrr! Huyo juu ya ukuta! Nimemkimbiza nikamkamata, nikampima. Mzito kama jiwe, na bawa lake halifiki hata kiwiko changu.

Kumbe! Kosa halikuwa kukata. Nilikata kidogo mno.

Nimekwenda kuazima msumeno kwa shemeji. Kanipa haraka, tena kwa tabasamu. Naona ameanza kuniheshimu.