Mjakaranda wa Shangazi na Kipimo cha Fangasi

Jumatatu, 4 Machi

Mjakaranda wa mbele ya duka la Shangazi umepigwa alama nyekundu. Manispaa wanasema majani ya manjano ni dalili ya fangasi wa mnyauko, ukatwe kabla haujaambukiza mtaa. Shangazi anashonea chini ya mti huo. Ndani ya duka ni tanuri. Hakuna mteja anayekubali kupimwa nguo humo. Amenikumbusha kwamba nafanya kazi maabara ya miti, kwamba nalala chumba chake cha uani bure, na kwamba mti ukienda, nami niende. Nimemwambia atulie. Mambo mteremko.

Jumanne, 5 Machi

Kazi yangu ni kukusanya sampuli. Natoboa shina kwa kekee, natia unga wa mbao kwenye mfuko, naandika ni mti gani. Mashine inasoma vinasaba vyote vilivyomo. Kisha Miwani, mwenzangu anayejiona ndiye maabara yenyewe, anavilinganisha na jenomu za fangasi, yaani ramani nzima ya vinasaba vyao. Kama wamo, watajulikana.

Sasa, nikipeleka mbao ya mti mgonjwa nitaletewa jibu la mgonjwa. Upuuzi. Nimetoboa mkaratusi wa nyuma ya maabara, ule ambao Mkuu wetu wa kazi huegesha gari chini yake. Majani yanang'aa, shina kama nguzo. Kwenye mfuko nikaandika: mjakaranda, duka la Shangazi.

Jumatano, 6 Machi

Miwani ameuliza mbona sampuli imefika upesi, na kama nilisafisha kekee. Nimemwambia ashughulike na kompyuta yake. Jioni Shangazi kanipakulia nyama mara mbili. Shukrani za mapema si dhambi.

Ijumaa, 8 Machi

Jibu limetoka. Fangasi wa mnyauko, tele.

Nikamwambia Miwani mashine imeharibika. Akasema mashine ni nzima, kaka, na kwamba uzuri wa kipimo ndio huo: kinawanasa fangasi kabla jani moja halijabadilika rangi. Eti tulielezwa kwenye semina. Semina ile nilikaa karibu na mlango kwa sababu zangu.

Manispaa wameshapelekewa jibu. Wakataji wanakuja Jumanne asubuhi. Shangazi hakugomba, na hilo ndilo baya. Ametoa begi langu akaliweka kizingitini. Akasema, mwanangu, damu nzito kuliko maji, lakini kivuli kizito kuliko damu.

Jumatatu, 11 Machi

Miwani amenijia na karatasi. Anaomba nimsaidie kuelewa. Kumbe mashine husoma na vinasaba vya mti wenyewe, na humu kuna mkaratusi mtupu. Mjakaranda hata chembe. Akauliza kama Shangazi amebadilisha mti. Nikasema labda mizizi imeungana chini kwa chini. Akacheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akacheka tena. Halafu akanipa hadi mchana nikaseme mwenyewe kwa Mkuu. Nisipokwenda, ataeleza yeye, na yeye ana michoro.

Nikaenda. Mkuu alinisikiliza amefumba macho. Aliuliza jambo moja tu: mkaratusi upi.

Wakataji wamezuiwa. Kwa simu, mbele yangu, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Jumatano, 13 Machi

Safari hii Miwani alitoboa mjakaranda kwa mkono wake. Safi. Hauna fangasi hata mmoja. Umanjano ni wa maji ya sabuni yanayomwagwa shinani. Shangazi aliapa hamwagi yeye. Kisha akanitazama. Mfereji wa maji machafu uko mbali, na mimi hufua mara moja tu kwa wiki. Basi. Begi limerudi ndani, lakini limeachwa karibu na mlango.

Mkaratusi ulikatwa adhuhuri. Gari la Mkuu liko juani, na Mkuu yuko dirishani, akiniangalia mimi, si gari.

Alhamisi, 14 Machi

Adhabu: nitoboe kila mjakaranda wa barabara kuu, mpaka kilimani, manispaa wajue ipi mizima. Ipi ibaki, ipi ikatwe, ni kwa mifuko yangu. Nilipokuwa natoka Miwani alianza kunieleza kwamba kila mti una vinasaba vyake, kama mtu na alama za vidole. Nikaitikia. Nilikuwa natafuta kofia.

Jua kali. Kilima kirefu. Nimekaa chini ya mjakaranda wa kwanza, mti mpole, nikautoboa matundu ya kutosha kujaza mifuko yote. Kwenye kila mfuko naandika mti tofauti, bila haraka. Kosa la mwanzo nimeliona: nilichanganya aina. Hapa ni mjakaranda mtupu, mfuko kwa mfuko. Miwani autafute mkaratusi humo mpaka achoke.