Ombi la Kuurudisha Mtaa Wetu Mwaka 2009

Makorora, Tanga

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Hija,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujafika mstari huu.

Mimi ni Semeni, mjane wa Shaib, yule wa mikate ya kumimina nyumba ya kona. Binti yangu Khairiya amejifungua huko Maskati, mtoto wa kike, na mimi sijamwona. Simu yangu ni ya tochi, haina pa kutazamia. Kompyuta ninayo, aliniachia marehemu, nzito kama kabati. Jirani yangu Ernesti ana mtandao usio na waya, na neno la siri amenipa bila kinyongo. Ilibaki kuunganisha tu. Hapo ndipo maonevu yalipoanza.

1. Mtandao huo unaingia kwenye simu ya kila mpita njia, hata ya muuza mihogo anayeegemea ukuta wa Ernesti. Kwangu unapita sebuleni kama hauoni mtu. Fundi Abass akaniambia, "Bi Semeni, kompyuta hii ilizaliwa bila masikio." Akachomeka kidude kidogo nyuma, akasema hayo ndiyo masikio.

2. Masikio hayakusikia. Kumbe yanahitaji programu ya kuyaendesha, na programu hiyo inapatikana mtandaoni. Yaani ili kompyuta iingie mtandaoni, sharti kwanza iingie mtandaoni. Nilimwomba Abass arudie polepole. Akarudia, akacheka mwenyewe. Ikabidi aifuate dukani kwake, akaileta kwa flashi.

3. Tukaunganishwa! Nikajifunga kanga mpya, nikakaa mbele ya kioo. Kila ukurasa ukakataa kufunguka, ukidai saa yangu ina makosa. Kompyuta inaamini tuko mwaka 2009. Abass akirekebisha tarehe, umeme ukikatika inarudi palepale. Anasema kibetri cha ndani kimekufa, anataka kufungua akibadilishe. Nimekataa. Zile skrubu alizikaza Shaib kwa mkono wake, na hakuna aliyezigusa tangu hapo.

4. Praxeda, mke wa Ernesti, amenishauri nimtazame mtoto kwenye simu yake. Namshukuru, lakini mjukuu wa kwanza haazimwi kama mbuzi ya kukunia nazi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimepima nikaona kompyuta ni moja tena kongwe, na mtaa una watu wengi wenye nguvu zao. Ni rahisi zaidi sisi kuifuata huko iliko. Naomba mkutano wa wakazi upitishe kwamba mtaa wetu sasa uko mwaka 2009. Hasara siioni. Barabara yetu haijaguswa tangu wakati huo, hivyo hakuna atakayepotea njia. Wewe utakuwa bado hujawa Mwenyekiti, lakini kura yangu utaipata tena. Mimi nitakuwa na magoti mazuri. Na Shaib atakuwa anarudi msikitini baada ya Alasiri, anavua viatu mlangoni, anauliza, "Semeni, chai iko wapi?" Sitakuficha kwamba na hilo nimelifikiria.

Nisalimie mama watoto, katibu wako, na wale wazee wanaocheza bao nje ya ofisi, ambao naamini hawataona tofauti yoyote.

Mimi ninayengoja muhuri wako,
Bi Semeni

Tanbihi: Nilipita kwa Praxeda kuomba bahasha ya barua hii, nikamkuta anaongea na Khairiya. Akanishikisha simu kabla sijaitaja bahasha. Mtoto alikuwa anapiga miayo. Khairiya akasema, "Mama, anakutazama wewe." Nikajikuta nimekaa chini sakafuni, Praxeda ananishika bega. Mwenyekiti, mwaka 2009 mtoto huyu hayupo. Hayupo popote. Tafadhali usiitishe mkutano, mtaa ubaki ulipo. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu bahasha ya watu nimeshaiandika jina lako. Abass nimemwita aje na bisibisi.