Kopo la Bakshishi na Hita ya Gari Langu

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Kuanzia sasa hadi Pasaka, Milwaukee nzima itakula samaki wa kukaanga kila Ijumaa. Mavuno! Lakini mkahawani kwetu bakshishi zote huingia kopo moja, kisha hugawanywa: wahudumu, kaunta, mwosha vyombo, hata Ignacio anayefuta meza. Mshahara wenyewe hautoshi petroli. Tunaishi kwa kopo. Na hita ya gari langu imekufa. Naendesha nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

Nimemwambia bosi, Bi. Halvorsen: kila mtu ale jasho lake. Akasema tukikubali wote, yeye hana neno. Nilidhani Lorraine, mhudumu mwenzangu wa siku nyingi, atapinga, na magoti yake yale mabovu. Akakubali upesi mno. Akasema, "Umenena, Duane mdogo wangu," akaendelea kukunja vitambaa. Maskini, hajui linalomjia.

Ijumaa, 7 Machi
Foleni mpaka nje kwenye theluji. Nusu yao wanamtaka Lorraine! Amewahudumia miaka ishirini. Anajua nani hali kitunguu na nani amefiwa na mume. Wako radhi kusimama na baridi wakimngojea, meza zangu zikiwa tupu.

Na zikipata watu, hazifutwi. Kumbe Lorraine amempa Ignacio fungu lake mkononi. Nilipomwita, Ignacio alijibu kwa upole kwamba na yeye anakula jasho lake, kaka, na leo jasho liko upande wa Dada Lorraine. Miiba ikalala mezani. Wageni wakaondoka. Nimerudi na hela ya sigara.

Jumapili, 9 Machi
Watu wa kanisani, kumi na mmoja, wakiongozwa na mzee wa tai ya njano. Kahawa juu ya kahawa, mchana kutwa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Wakaacha noti ya ishirini iliyokunjwa. Nikaikunjua: kumbe karatasi ya kanisa, nje imechapwa mfano wa noti, ndani mahubiri. Je, wajua utakwenda wapi ukifa?

Lorraine alikuwa anachungulia nyuma ya bega langu, akisoma. Akasema popote nitakapokwenda, nisisahau blanketi. Jiko zima likacheka. Sina usingizi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewahutubia wote. Umoja ni nguvu, kidole kimoja hakivunji chawa. Kopo lirudi! Nusura nijilize. Lorraine akasema sawa kabla sijamaliza, ila kwa sharti: atakayeficha hata senti, hagusi meza ya Ijumaa mpaka Pasaka. Bosi akaunga mkono. Nikaapa wa kwanza, mkono kifuani.

Jumamosi, 15 Machi
Jana kopo lilifurika. Ignacio alifuta meza zangu kabla uma haujapoa. Halafu akaja yule mzee wa tai ya njano, peke yake. Akala, akanishika mkono kwa huruma, akaacha noti ya mia iliyokunjwa chini ya sahani. Amejuta! Hii si ya kopo, nikajiambia, hii ni fidia yangu ya Jumapili. Mgao wa kopo pamoja na hii mia, hita imepona. Nikaitia soksini.

Ignacio ana macho. Wakati wa kugawana, Lorraine akaniomba, kwa adabu zote, nivue kiatu. Nikavua kisicho chenyewe. Akaniomba na cha pili. Akaikunjua noti mbele ya watu.

Mahubiri.

Walicheka mpaka mtu wa kaunta akakaa chini. Mimi nililia, nakiri. Bosi akasema kiapo ni kiapo: Ijumaa zangu zimekwisha mpaka Pasaka, nitaosha vyombo. Mgao wangu nilipewa kamili, nao unapungua mia tu kufika bei ya hita. Lorraine akanirudishia karatasi yangu, akanisihi niisome, huenda ikanifaa.

Nimeisoma asubuhi hii. Ukiikunja vizuri, ni noti kabisa. Na fundi wa hita ni mzee, haoni vizuri, na gereji yake ina giza. Jumatatu nampelekea gari.