Bweni la Maadili Mema

Muheshimiwa Mujumbe wa Gavana, Muheshimiwa Padri Casimir uliyetuazima ukumbi huu wa parokia, Muheshimiwa Mama Mélanie wa Benki ya Urafiki wa Mabara uliyeshuka jana kwa ndege kutoka Lubumbashi, waheshimiwa wakubwa wa idara zote, hata zile ambazo barua ya mualiko haikuzifikia, wake wa waheshimiwa, na ninyi wanafunzi mulioketi chini kwa hiari yenu: mimi, Télesphore Kisimba, Mukurugenzi wa Jimbo wa Maadili ya Vijana, mwenye diploma tatu, mbili za masomo na moja ya heshima, ninawasalimu. (Makofi. Wanaotafuta kazi wanapiga kwa nguvu zaidi.)

Uchumi wa dunia, ndugu zangu, hausimami juu ya feza, unasimama juu ya moyo safi. Benki ilituandikia kwamba nchi maskini inapaswa kujifunza adabu ya kujinyima, nasi, katika muchakato wa haraka na wa kimkakati, tukaanza kwa kuwanyima wanafunzi: tuliondoa chakula chao cha muchana kwa asilimia mia moja, na njaa ikapanda kwa asilimia ndogo sana ambayo wataalamu wangu wanaiita ya kiroho. (Mama Mélanie anaandika.) Padri naye, kwa ombi langu, alihubiri Jumapili kwamba Mukristo mwema hanung'uniki. (Padri anaangalia viatu vyake.)

Tunda la maadili hayo ni Bweni la Wasichana, ambalo Benki ililipia miaka mine iliyopita: vyumba sitini, vitanda mia moja na ishirini, maji, umeme, kule njia ya Katanika. Benki, ambayo kwa haya yake haiingii vyumbani mwa wasichana, iliomba jambo moja tu, kila mukaaji atie sahihi kwamba analala mule. Wasichana mia moja na kumi na tisa walitia. Mumoja alikataa.

Kwa masikitiko ya kiutawala ninamutaja: Consolate, wa mwaka wa mwisho, aliyetoka Kirungu, na ambaye hulala juu ya meza za darasa la kemia. Jumatatu aliingia katika biro yangu, nikamupa kalamu yangu mwenyewe. Akaniambia, "Papa Mukurugenzi, siwezi kuandika kama ninalala pahali sijawahi kulala." Nikamueleza kwa upole kwamba sahihi si uongo, ni muchango wa mwananchi katika maendeleo. Akajibu, "Basi munionyeshe kitanda changu, hata kwa kidole, nitatia." Nani alimufundisha kuulizauliza hivyo? Nililifuta jina lake katika orodha ya mutihani wa mwisho, kwa kosa la maadili, kwa sababu musichana anayelala juu ya meza, tabia yake itakuwa ya namna gani? (Minong'ono. Consolate anasimama katikati ya ukumbi.)

Keti, binti yangu. Sijakupa neno. (Consolate: "Papa, mama yangu aliuza mbuzi zake zote ili nifike mwaka huu. Kama niko na kosa, mulitaje mbele ya Padri.") Kosa lako ni hilo, kusimama! Na wewe, Padri, kwa nini unasimama? (Padri Casimir: "Huyu mutoto alikuja kwangu, akanieleza yote. Nilimuambia avumilie. Nilimukosea.")

Tuendelee na takwimu. Kuridhika kwa wanafunzi kumefika asilimia tisini na... Nani huyu mbele ya meza yangu? (Ni Reine, rafiki ya Consolate: "Na langu mulifute, Papa. Kwa shangazi yangu njo ninalala, watu sita chumba kimoja. Nilitia sahihi kwa woga.") Binti, rudi pahali pako. Na ninyi wengine, musisukumane! Musifanye musitari! Orodha itapasuka! (Wasichana wanakuja mumoja mumoja, kila mumoja anachukua kalamu ya Mukurugenzi na kupiga musitari juu ya jina lake katika orodha ya bweni. Inachukua robo saa. Consolate analia na Reine amemushika mukono.)

Waheshimiwa, uongozi bora ni kusikiliza. Nimefanya tathmini ya papo hapo na kutambua kwamba nikimufukuza kila asiyetia sahihi, mutihani utakosa watahiniwa, na mutihani bila watahiniwa hauna posho ya wasimamizi. Basi, kwa huruma yangu inayojulikana hadi Moba, ninamurudisha Consolate katika orodha, na iandikwe kwamba ni mimi niliyemusamehe. (Vigelegele. Wasichana wanamuinua Consolate, anacheka huku machozi bado yanashuka.)

Sasa pamoja nami: Maadili, juu! Manung'uniko, chini! Bweni letu, fahari yetu! (Haitikii muntu. Viti vinaburutwa.)

Kabla hamujatoka wote, ninatoa shukrani. Ninamushukuru Mama Mélanie, ambaye amefunga daftari lake na kuulizia gari. Ninamushukuru fundi aliyechora bweni vizuri namna ile katika karatasi. Na zaidi ya wote ninamushukuru Mama Bertille wa njia ya Katanika, aliyetupatia kiwanja kwa moyo mweupe, kisha akaendelea kulima muhogo wake pale pale miaka yote mine, maana hatukumusumbua hata kwa tofali moja.