Yungiyungi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amechoka na duka lake la vitambaa. Anatafuta wa kumkabidhi funguo: mimi, au mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Jioni amepiga simu. Hakuuliza habari za kazi wala za watoto. Ameuliza habari za yungiyungi.

Mwaka jana aligawa mmea wake nusu kwa nusu, kila nyumba ikapata chungu chake. Majani mapana, ua jeupe lililosimama kama kijiko. La mwanyumba linachanua kila mara. Letu linatoa majani tu, kama limeajiriwa kwa kazi hiyo. Jumapili mama mkwe anakuja. Anataka kuona nani anajua kutunza kitu. Nimemwambia letu limejaa maua. Sijui ulimi uliyatoa wapi maneno yale.

Jumanne, 4 Machi
Tangu ufike, mmea umekaa kwenye korido, nyuma ya mlango wa bafu. Shida ni giza, nikawaza. Nikautoa nje kwenye jua kali, nikaenda kazini moyo mweupe. Kurudi, majani yamebabuka. Mke wangu ameuliza kwa upole kama nilikuwa naupika.

Jumatano, 5 Machi
Mbolea. Pakiti inasema kijiko kimoja. Kijiko kimoja ni cha watu wasio na haraka. Nimetia kikombe. Na ndoo nzima ya maji, ishuke vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Ncha zimekuwa za kahawia. Majani yamelala ukingoni mwa chungu kama abiria waliochoka safari. Nimeusemesha. Nimeubembeleza. Mke wangu alipita, akasimama, akaenda zake. Bora angecheka.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo nimeinama.

Vyungu vya mama mkwe vinafanana kama mapacha. Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwa mwanyumba wakati hayupo. Kisingizio: kuwarudishia ngazi yao. Ngazi begani, mmea wetu ndani ya mfuko wa sokoni. Shemeji alifurahi kuiona ngazi, akaingia jikoni kunichemshia chai. Hapo hapo. Wetu ukapanda juu ya meza yao, wao ukashuka mfukoni mwangu. Chai sikuinywa. Nilisema nina dharura, na ilikuwa kweli.

Njiani ua moja lilikataa kuinama. Likachungulia nje ya mfuko. Nikalivisha kofia yangu. Jirani alinisalimia mimi, kisha akaitazama kofia kama anayesubiri iitikie.

Mke wangu aliyatazama maua, akanitazama mimi.

“Yamechanua lini?”

“Mchana.”

“Yote matatu?”

“Mbolea,” nikasema.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amekuja. Aliuzunguka mmea, mikono nyuma, akasema nyumba hii ina mkono mzuri. Nikajitia haya. Nilianza kuwaza bango jipya la duka. Kisha akasimama, chai imebaki nusu.

“Mwanangu, hapa mko salama, hamnihitaji. Mwenzako kanipigia simu jana, sauti inamtetemeka. Mmea wake unakufa, hajui kakosea wapi, anaomba nimfundishe. Naenda huko.”

Nikasema pengine mwenzangu huyo hafai kutunza kitu.

“Asiyefaa ni anayeficha ugonjwa,” akasema. “Huyu kaomba msaada.”

Mke wangu alikuwa anachunguza dari.

Jumatatu, 10 Machi
Funguo kapewa mwanyumba. Shemeji kamsimulia mke wangu yote kwa simu. Mama kaikata mizizi iliyooza, kabadilisha udongo, kaeleza kwamba mmea ule unataka mwanga wa dirishani uliochujwa na pazia, na maji udongo ukikauka tu. Mke wangu alinirudia maelezo yale neno kwa neno. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza.

Kosa langu nimeliona. Mmea wangu ulikuwa mzima mno. Mama mkwe anapenda wagonjwa.

Bado kuna kibanda chake cha vifungo na nyuzi, mkabala na duka. Hakijapata mwenyewe. Kwa hiyo, ugonjwa. Mmea nimeuhamishia dirishani uungue. Mke wangu kakataa pazia lifunguliwe, eti wapita njia wanachungulia. Haidhuru, kiu itamaliza kazi. Maji ni kidogo tu, tena udongo ukishakauka, usije ukafa kabla mama mkwe hajauona unavyoteseka.

Jumapili, 27 Aprili
Leo ndiyo siku niliyopanga kumpigia mama mkwe. Nimefanya mazoezi ya sauti ya kutetemeka mbele ya kioo mpaka machozi yakanilenga. Nikaenda dirishani kuangalia uharibifu.

Yale maua ya zamani yameisha. Yamechomoza mapya matano, na mengine yamejikunja yanasubiri zamu. Majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mke wangu kasema hajawahi kuona mmea wenye furaha namna ile, kisha akaniuliza, safari hii kwa dhati, nimefanyaje.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeingia jikoni kuuliza chumvi iko wapi.