Daktari wa Nyimbo na Redio ya Mama wa Kwaya

Mtaani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumpima mtu hata homa. Alitibu nyimbo. Siku aliyogundua kwamba watu wengi bado wana redio za zamani zisizosoma kitu ila MP3, na simu zao zinarekodi kwa mtindo mwingine kabisa, alikodi kibaraza, akaweka meza, feni na kompyuta, akawa mtaalamu wa kugeuza nyimbo ziwe MP3.

Sasa, kugeuza nyimbo kwa haki kunakula muda, na Daktari subira hiyo hana. Yeye anabadilisha mwisho wa jina la faili tu, anaandika MP3, basi. Kisha anaucheza wimbo kwenye kompyuta yake, ambayo haichagui, inasoma chochote. Mteja anatabasamu, analipa, anakwenda zake. Redio ikigoma nyumbani, Daktari anasikitika kweli kweli na kusema redio imezeeka. Nani abishane na mtaalamu?

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imefika barabarani mama wa kwaya, mteja wake wa juzi, aliporudi na redio yake kifuani. Nyimbo za mazoezi zimegoma, alisema, na onyesho ni kesho. Amezijaribu hadi kwenye redio za majirani, zote kimya.

"Zote zimezeeka, mama," Daktari akasema kwa sauti ya msibani, akachomoa flashi kwenye redio, akaichomeka kwenye kompyuta. Sauti ya kwaya ikapaa. "Umesikia? Nyimbo ni nzima kabisa."

Mama akaigeukia foleni, akauliza kama nao wamesikia. Wakasema ndiyo. Akamuuliza Daktari kama ipo redio yoyote mtaani itakayoziimba. Hapo mdomo ukamponza: akajibu haipo, ni kompyuta hii tu.

"Basi nachukua hiyo, mwanangu. Mimi nililipia nyimbo ziimbe. Wewe baki na redio, uitibu taratibu."

Loo! Kompyuta ile ndiyo riziki yake yote. Kuiokoa, lazima akiri kwamba alibadilisha jina tu, tena mbele ya watu aliokwisha kula pesa zao. Akachekacheka, akakohoa. Mama akaifunga kompyuta, akaitia kwapani, akatoka. Mara akarudi, na Daktari akapata matumaini.

"Chaja," akasema mama.

Akampa.

Mzee aliyefuata akaweka redio yake mezani bila hata salamu. Akaitazama meza tupu, akaitafuta feni, lakini feni ilikuwa imeshakumbatiwa na mwenzake wa nyuma kwenye foleni.

"Na yangu imegoma," alisema. "Hicho kiti kinakunjwa?"