Gia ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo inakwisha. Mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo huo unakuja! Mimi sitaki kushtukizwa, nimeshaanza kujiandaa. Penseli zote nimechonga. Vitabu nimevifunika upya. Kile cha joto na nguvu nimekifungua, nikakitazama kwa heshima, nikakifunga.

Jambo kubwa ni mradi. Tunapangwa wawili wawili. Mhadhiri wetu, tunayemwita Bolti kwa jinsi anavyokaza, ametangaza kila mmoja aje na mashine yake siku ya kufungua chuo. Mwenye mashine bora atakuwa kiongozi wa mradi, mwenzake atakuwa msaidizi. Na mimi nimepangwa na nani? Milimita! Binamu yangu, mtoto wa Mama Mdogo, anayepima mkate kabla ya kuukata. Tangu chekechea amekuwa kiranja wangu. Safari hii, hapana.

Nimepeleka koti langu la karakana kwa fundi cherehani, anidarizie KIONGOZI kifuani. Mama akauliza kwa nini nisingoje kwanza nichaguliwe. Mama wa watu, hajui maana ya maandalizi.

Jumatano, 6 Agosti

Wazo limepatikana!

Dada yangu ni dobi. Anafua mablanketi ya nyumba ya wageni hapo jirani na kuyakamua kwa mikono. Jana alishindwa kufungua kifuniko cha chupa. Alicheka, akanipa mimi nifungue, kisha nikamwona anauficha mkono chini ya aproni. Iliniuma sana. Papo hapo nikamwahidi mashine ya kukamua. Akasema sawa, mdogo wangu, ila isiwe kama ile feni niliyomtengenezea, iliyovuta joto kutoka jikoni ikamletea sebuleni. Nimemsamehe. Dada ni mkubwa wangu.

Mashine yenyewe ni rahisi. Rola mbili, blanketi linapita katikati. Kila rola ina gia yake, meno yameshikana: moja ikienda kulia, nyingine inakwenda kushoto, maji yanachuruzika. Vyuma vyote vimepatikana kwa muuza vyuma chakavu. Gia mbili zinatosha.

Lakini gia mbili hata Milimita ataweza! Nimeongeza ya tatu. Nitaipachika pembeni, ishikane na zote mbili, na mpini niufunge hapo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mafiga ni matatu. Nani amewahi kubandika chungu juu ya mawili?

Jumamosi, 9 Agosti

Imekamilika. Ni nzuri ajabu. Haizunguki.

Kutu tu hiyo. Nimeimiminia mafuta ya kupikia. Bado. Jioni Mama akawa anatafuta mafuta yake jiko zima. Nikamsaidia kutafuta.

Jumanne, 12 Agosti

Si kutu. Ni upungufu wa nguvu. Nimebadilisha mpini, nimeweka bomba refu kama mlingoti. Kisha nikamwita Kifua, jirani yetu anayenyanyua vyuma. Akatema mate viganjani, akashika, akazungusha. Ikazunguka! Si mashine, meza iliyoibeba. Meza ikamgeukia, ikambana ukutani, na bomba likapinda. Kifua aliondoka akisema mashine yangu ina jini. Nimemwambia sayansi haina majini. Alikuwa ameshafika kwao.

Alasiri akaja Milimita, eti kumsalimu Dada. Nilikuwa nimejiandaa: gia zote nimezifunika kwa kasha la bati, nikalifunga kwa skrubu. Akaliangalia kasha. Akauliza nimeweka gia ngapi. Nikasema hiyo ni siri ya kitaaluma. Akasema haya. Yeye ametengeneza pampu ya maji ya kukanyaga kwa mguu na tayari anamwagilia maua ya Mama Mdogo. Hakusema kwa kujivuna hata kidogo, na hilo ndilo linaloudhi. Alipoondoka niliomba mvua inyeshe, maua yasiihitaji.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya. Nyumba ya wageni imeleta mlima wa mablanketi. Dada amekamua mawili akakaa chini. Kifundo cha mkono kimevimba. Akamwambia Mama kwamba labda aiache kazi, maana mkono ukiharibika hautarudi. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa, akauliza mashine imefikia wapi.

Kama angenifokea ningestahimili. Ule upole ndio ulionimaliza.

Nikampigia Milimita. Nilimwambia nataka kupima uwezo wake kabla hatujaanza kushirikiana. Akaja na spana. Akafungua kasha, akachungulia, akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Dada akamletea maji.

Akaeleza kwa vidole vyake. Gia hii ikienda kulia, ya pili inakwenda kushoto. Ya tatu inaigusa ya kwanza, kwa hiyo iende kushoto. Lakini inaigusa na ya pili, kwa hiyo iende kulia. Sasa iende wapi, maskini? Inakaa. Zote zinakaa. Nikamkumbusha habari ya mafiga. Akasema mafiga hayazunguki. Akaendelea kwamba gia zikishikana kwa duara na hesabu yake ni witiri, isiyogawanyika kwa mbili, iwe tatu, iwe tano, iwe saba, hazitazunguka mpaka kiama. Alisema na mengine. Mimi nilikuwa natafuta jibu la mafiga.

Akaing'oa ya tatu, akahamishia mpini kwenye rola ya chini. Dada akaingiza blanketi. Akazungusha kwa mkono mmoja, ule mzima. Maji yakamwagika hadi mlangoni! Blanketi likatoka upande wa pili limelala bapa. Dada akazungusha tena, na tena, machozi yanamtoka. Na mimi nilitokwa na machozi. Grisi ya gia zile ni kali.

Jumatatu, 18 Agosti

Chuo kimefunguliwa. Koti limepigwa pasi. KIONGOZI, herufi nyekundu, inasomeka hata ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kutoka niliitazama mashine. Gia mbili. Mbili tu! Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mbele ya Bolti, na gia mbili kama baiskeli ya mtoto. Na wazo la kuing'oa ya tatu ni la Milimita, hivyo angekuwa kiongozi yeye. Nikairudisha ya tatu. Milimita ni hodari, lakini huenda siku ile chuma kilikuwa na baridi. Kuijaribu sikuijaribu, ningechelewa.

Karakana imejaa. Bolti akasoma kifua changu polepole. Akasema haya, Kiongozi, zungusha.

Haikuzunguka.

Nikaeleza kwamba hiyo ni breki. Bolti akauliza breki ya kuzuia kitu gani, ikiwa hakuna kinachokwenda. Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema ni breki ya tahadhari. Milimita hakucheka. Alitoa spana mfukoni, akaing'oa gia ya tatu, akafunga mpini, akachukua tambara lililolowa kwenye sinki, akalikamua mbele ya watu wote, huku akisimulia habari za mkono wa Dada.

Bolti ametoa uamuzi. Pampu ameziona nyingi, amezichoka. Mashine ya kukamua ndiyo mradi wetu, maana ina mtu anayeihitaji kweli. Kiongozi ni Milimita. Mimi ni msaidizi. Kisha akaniagiza nimpe mwenzangu koti, lisije likapotosha watu.

Limemkaa sawasawa. Hata mikono haikuzidi.

Alhamisi, 21 Agosti

Mashine tumeirudisha nyumbani ikafanyiwe majaribio ya kazi. Dada anaimba anapokamua. Uvimbe umepungua, na leo asubuhi amefungua chupa mwenyewe. Hajataja tena kuacha kazi. Amesema mashine hii isiguswe na mtu. Alikuwa ananitazama mimi.

Milimita amekwenda maktaba. Kaniachia kazi moja: kuifuta vumbi. Kufuta tu. Amerudia mara kadhaa.

Nimekubali kushindwa. Kosa lilikuwa langu na ninalikiri bila aibu. Nimefuta, nimefikiri, nimefuta, na sasa nimeliona waziwazi: gia tatu zilikuwa chache mno.

Nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu na kurudi na mfuko mzito. Dada anasema kesho asubuhi yanakuja mablanketi mengi, mashine iwe tayari. Itakuwa tayari. Milimita alisema tatu, tano na saba.

Tisa hakuitaja.